Sensa ya Oksijeni na Katalisti Mbadala: Taa ya Injini Inapima Nini Hasa?

Taa ya injini inapowaka katika gari la michezo la miaka ya 1990, na mashine ya kusomea hitilafu ikaonyesha msimbo P0420, unaoilaumu katalisti (kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachosafisha moshi), mwenye gari kwa kawaida huona njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kununua sensa mpya ya oksijeni, kwa kuwa ni kipuri kidogo kinachofunguliwa kwa spana moja. Ya pili ni kununua katalisti mbadala, yaani ile isiyotoka kwa mtengenezaji wa gari, kwa kuwa ya kiwandani imekuwa ghali kupita kiasi au haitengenezwi tena. Wengi huishia kuzipita njia zote mbili kwa zamu, na baada ya wiki chache taa ileile huwaka tena. Hapo lawama huanza kuzunguka: fundi hulaumu kipuri, muuzaji humlaumu fundi, na gari huonekana lina mkosi.

Naamini chanzo cha mzunguko huo ni kutoelewa msimbo wenyewe unasema nini. Ndani ya gari la aina hiyo hakuna chombo hata kimoja kinachopima uchafu wa moshi unaotoka nyuma. Kinachopimwa ni uwezo wa katalisti kuhifadhi oksijeni na kuitoa, na kipimo hicho hupitia kwa sensa mbili ambazo nazo huzeeka, hutiwa sumu, na huweza kutoa taarifa isiyo ya kweli. Anayelishika jambo hilo moja hununua kipuri kinachohitajika tu, na wakati mwingine hahitaji kununua chochote zaidi ya gasketi.

Mchanganyiko, sensa na katalisti

Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili kuunguza kilo moja ya petroli bila kubakiza hewa wala mafuta. Uwiano huo ndio unaoitwa lamda 1. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mwepesi na lamda hupanda. Mafuta yakizidi, mchanganyiko huwa mzito na lamda hushuka. Katalisti ya njia tatu, ambayo ndiyo iliyofungwa katika magari mengi ya petroli ya kipindi hicho, hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: huunguza kaboni monoksidi, huunguza hidrokaboni ambazo hazikuungua ndani ya silinda, na huzivunja oksidi za nitrojeni zikarudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Kazi mbili za kwanza zinahitaji oksijeni. Ya tatu inaharibika oksijeni ikiwa nyingi. Kwa sababu hiyo zote tatu hufanikiwa pamoja pale tu lamda inapokaa karibu kabisa na 1, ndani ya upenyo mwembamba wa asilimia moja hivi kila upande.

Upenyo huo ni mwembamba mno kwa mfumo wowote unaopima mafuta kwa kukadiria tu. Suluhisho lilikuwa kuweka chombo ndani ya bomba la moshi chenye kuieleza kompyuta matokeo ya kila inachoamua. Sensa hiyo, iliyotengenezwa na Bosch, iliingia sokoni mwaka 1976 katika magari ya Volvo yaliyopelekwa Marekani, na umbo lake la msingi halikubadilika sana kwa miongo miwili iliyofuata. Ni kidole cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platini ndani na nje. Upande wa nje huogeshwa na moshi, upande wa ndani hugusa hewa safi ya nje ya gari. Kauri ikishapata joto la takriban nyuzi 350 za Selsiasi, ioni za oksijeni huanza kupita ndani yake, na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzalisha umeme kidogo. Moshi wa mchanganyiko mzito huzalisha volti 0.8 hadi 0.9, wa mchanganyiko mwepesi hushusha umeme hadi karibu volti 0.1. Kati ya hali hizo mbili hakuna mteremko wa taratibu: pale lamda inapovuka 1, umeme huruka ghafla kupitia volti 0.45.

Ni muhimu kuzingatia maana ya mruko huo. Sensa ya aina hii haiwezi kuieleza kompyuta kwamba mafuta yamezidi kwa asilimia nne au yamepungua kwa asilimia mbili. Inaweza tu kusema yamezidi au yamepungua. Kwa hiyo kompyuta hupunguza mafuta kidogo kidogo hadi sensa igeuke, kisha huongeza hadi igeuke tena, na mchezo huo haukomi maadamu injini imepata joto na dereva hajakanyaga pedali hadi mwisho. Ukiunganisha osiloskopu (mashine inayochora umeme kama wimbi) kwenye waya wa sensa ya mbele wakati injini inazunguka mara 2,500 kwa dakika, utaona wimbi linalopanda hadi karibu volti 0.9 na kushuka hadi karibu 0.1, mara moja au zaidi kila sekunde. Wimbi hilo ndilo dalili ya afya. Anayeona sindano ya mita ikichezacheza namna hiyo na kudhani sensa imeharibika, huwa ameishika ikiwa katikati ya kazi yake.

Sasa tuingie ndani ya katalisti. Ukiikata utakuta masega ya kauri, au ya karatasi nyembamba za chuma, yenye vijitundu vipatavyo 400 katika kila inchi moja ya mraba. Kuta za vijitundu hivyo zimepakwa tabaka la alumina lenye mikunjo isiyoonekana kwa macho, ambalo huongeza eneo la kufanyia kazi, na juu ya tabaka hilo zimetawanywa chembe za platini, paladiamu na rodiamu. Madini hayo matatu ndiyo yanayotajwa sana, hasa na wezi. Lakini kwa suala letu kuna kiungo cha nne ambacho ni muhimu kuliko yote, nacho ni seria, oksidi ya metali ya seriamu. Moshi mwepesi unapopita, seria huchukua oksijeni ya ziada na kuishika. Moshi mzito unapofuata, huitoa. Seria ni ghala: huwezesha katalisti kufanya kazi zote tatu ingawa mchanganyiko unayumba kila sekunde, kwa sababu oksijeni iliyowekwa akiba wakati wa wingi hutumika wakati wa uhaba.

Matokeo yake ni kwamba nyuma ya katalisti nzima yumbayumba hiyo hupotea. Sensa ya pili, iliyofungwa baada ya katalisti, huonyesha mstari uliotulia, aghalabu kati ya volti 0.6 na 0.7, huku ile ya mbele ikiendelea kurukaruka. Ghala likichakaa, mawimbi ya mbele huanza kuvuja hadi nyuma, na sensa ya pili huanza kumwigiza mwenzake. Kompyuta hulinganisha mistari hiyo miwili, na ufanano ukipita kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, huandika P0420 kwa upande wa kwanza wa injini au P0430 kwa upande wa pili. Hivyo ndivyo msimbo huo unavyozaliwa. Uchafu wa moshi hukisiwa kutokana na ghala, haupimwi.

Mwaka wa gari hubadilisha kila kitu

Mfumo huo wa kulinganisha sensa mbili ulilazimishwa katika magari mapya yote ya abiria yaliyouzwa Marekani kuanzia yale ya mwaka wa modeli 1996, chini ya kanuni zinazojulikana kama OBD-II. Ulaya ilifuata baadaye, na kwa magari mapya ya petroli sharti hilo lilikamilika mwaka 2001. Kwa mwenye gari la michezo la zamani, mpaka huo una uzito mkubwa. Chukua Nissan 300ZX iliyouzwa Marekani: ya 1995 na ya 1996 zinafanana kwa umbo, lakini ni ya 1996 pekee iliyo chini ya kanuni hizo. Katalisti mbadala iliyo dhaifu inaweza kukaa miaka kadhaa katika gari la 1995 bila taa yoyote kuwaka, na ikafungwa katika lile la 1996 ikawasha taa ndani ya mwezi mmoja. Katalisti ni ileile na udhaifu wake ni uleule. Kilichoongezeka ni shahidi wa kuueleza.

Kwa hiyo ushauri unaotolewa na mwenye gari la kabla ya 1996, kwamba katalisti fulani ya bei nafuu haina tatizo lolote, unaweza kuwa wa kweli kwake na wa hasara kwa mwingine. Na hata yeye hana hakika kwamba moshi wake ni safi. Ana hakika tu kwamba gari lake halina njia ya kumwambia.

Kinachopungua ndani ya katalisti mbadala

Madini ya thamani na seria ndiyo gharama kubwa ya katalisti, na ndiko watengenezaji wa vipuri mbadala hupunguzia bei. Ganda la chuma linaweza kuwa zuri, lehemu safi, flanji zikakaa sawasawa na zile za kiwandani, na bado ndani mkawa na sehemu ndogo tu ya madini yaliyokuwamo katika ile ya awali. Katalisti kama hiyo ikiwa mpya husafisha moshi vya kutosha, na ghala lake dogo hutosha kuituliza sensa ya nyuma. Lakini joto huzikusanya chembe za madini zikawa mabonge makubwa, na bonge lina eneo dogo la kufanyia kazi kuliko chembe nyingi zilizotawanyika. Ile iliyoanza na akiba kubwa huvumilia upotevu huo kwa miaka mingi. Iliyoanza na akiba ndogo huvuka mpaka mapema. Hii ndiyo maana ya malalamiko yanayosikika sana, kwamba taa ilizimika kwa miezi sita kisha ikarudi.

Sheria zenyewe zinaonyesha tofauti hiyo. Sera ya shirika la mazingira la Marekani, EPA, ya mwaka 1986 ilidai katalisti mbadala mpya ipunguze hidrokaboni na kaboni monoksidi kwa asilimia 70, na oksidi za nitrojeni kwa asilimia 30 tu, baada ya kutembea maili 25,000. Hicho ni kiwango cha chini sana kikilinganishwa na kile ambacho kompyuta ya gari la OBD-II imefundishwa kutarajia. California iliona kasoro hiyo, na kuanzia 2009 ikakaza masharti kupitia bodi yake ya hewa, CARB: katalisti mbadala lazima iwe na nambari ya idhini iliyopigwa chapa kwenye ganda, idhini hiyo itaje gari na mwaka wake, na kipuri kiwe na dhamana ya miaka 5 au maili 50,000. Katika nchi nyingi za Ulaya kipuri cha namna hii huidhinishwa chini ya Kanuni ya 103 ya Umoja wa Mataifa, na ganda huwa na alama ya herufi E ndani ya duara ikifuatwa na nambari.

Kwa maoni yangu, chapa iliyo kwenye ganda ni ushahidi bora kuliko maneno yoyote ya tangazo. Hata mtu asiyeishi California anaweza kuitumia nambari ya CARB kama kipimo cha ubora, kwa sababu kwa magari ya OBD-II kuipata kulihitaji kipuri kithibitishwe kwa gari lenye mfumo uleule wa kulinganisha sensa. Bei yake huwa mara kadhaa ya ile ya kawaida, na tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni madini yaliyomo ndani.

Wenye magari ya michezo wana kishawishi kingine, nacho ni katalisti za kupitisha moshi kwa wepesi, zenye vijitundu 200 au hata 100 kwa inchi ya mraba badala ya 400. Vijitundu vikiwa vikubwa, moshi hupita kwa urahisi zaidi, lakini kuta zinazobeba madini na seria hupungua. Nguvu inayopatikana kwa kuiondoa katalisti nzima ya kiwandani na kuweka ya aina hii katika injini isiyo na tabo (pampu inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) huwa ndogo, ilhali uwezekano wa kuwasha taa ni mkubwa. Kwa injini yenye tabo, ambayo hunufaika zaidi na wepesi wa bomba, hesabu ni tofauti kidogo, lakini seria iliyopungua haiongezeki kwa sababu injini ina tabo.

Kabla ya kununua chochote

Kosa la kwanza la kuondoa ni uvujaji. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba bomba la moshi linaweza kuvuta hewa ndani, kwa kuwa wanajua moshi hutoka kwa shinikizo. Ukweli ni kwamba moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo shinikizo hushuka chini ya lile la nje, hasa injini ikiwa sailensi, yaani ikizunguka bila pedali kukanyagwa. Ufa mdogo kwenye manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) au gasketi iliyoungua mbele ya sensa ya kwanza huingiza hewa, sensa huona oksijeni, kompyuta hudhani mchanganyiko ni mwepesi na huongeza mafuta ambayo injini haikuyahitaji. Ufa kama huo ukiwa kati ya katalisti na sensa ya nyuma huishusha sensa hiyo mara kwa mara, na kompyuta huandika P0420 dhidi ya katalisti isiyo na hatia. Gari la miaka 30 ambalo flanji zake zimeliwa na kutu linapaswa kupimwa uvujaji kwa moshi wa mashine kabla ya kuhukumiwa kwa lolote.

Kosa la pili ni sensa ya mbele iliyozeeka. Bosch hupendekeza sensa isiyo na hita ikaguliwe au ibadilishwe kati ya maili 30,000 na 50,000, na yenye hita kati ya maili 60,000 na 100,000. Magari mengi ya zamani yamepita hapo zamani sana. Sensa iliyochoka haifi ghafla, huwa nzito kugeuka. Kwa kuwa hugeuka kwa kuchelewa, kompyuta huendelea kuongeza mafuta kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, kisha huyapunguza kwa muda mrefu vilevile. Kila wimbi linakuwa pana kiasi kwamba ghala la katalisti hujaa kabisa, kisha huisha kabisa, na yumbayumba huvuka hadi nyuma. Kompyuta huona mistari miwili inayofanana na huilaumu katalisti. Hapa sensa mpya ya mbele huzima taa kwa haki, bila kugusa kingine.

Kinyume chake pia hutokea, na hili ndilo huwachanganya watu zaidi. Sensa ya nyuma iliyochoka huonyesha mstari uliotulia kwa sababu haina tena uwezo wa kuruka. Katalisti inaweza kuwa imekufa, na taa isiwake, kwa kuwa shahidi wake amenyamaza. Siku mwenye gari anapobadilisha sensa zote kwa nia njema ya matengenezo, taa huwaka kwa mara ya kwanza, na huonekana kana kwamba sensa mpya ni mbovu. Sivyo. Sensa mpya imeanza kusema kile ambacho ya zamani haikuweza kukisema.

Kuna jaribio rahisi la kulipima ghala moja kwa moja. Gari likiwa na joto la kawaida, liendeshwe kwa kasi ya wastani likiwa kwenye gia, kisha dereva aachie pedali kabisa. Kompyuta hukata mafuta, hewa tupu hupita bombani, na sensa zote mbili hushuka hadi karibu sifuri. Dereva akigusa pedali tena, sensa ya mbele hupanda karibu papo hapo. Ile ya nyuma, katalisti ikiwa nzima, hubaki chini kwa muda unaoonekana wazi kwenye skrini kabla ya kupanda, kwa sababu ghala lililojaa oksijeni linatolewa kwanza. Ikiwa ya nyuma inapanda bega kwa bega na ya mbele, hakuna kilichohifadhiwa. Jaribio hili hulitazama ghala lenyewe, nalo ni la kuaminika zaidi kuliko desturi ya kupima joto la bomba mbele na nyuma ya katalisti, kwa kuwa injini iliyo katika hali nzuri hutoa mafuta machache sana ya kuunguzwa, na tofauti ya joto huwa ndogo hata katalisti ikiwa safi kabisa.

Magari yenye injini ya V au ya silinda zinazotazamana yana mtego wao. Yana sensa ya mbele kwa kila upande, na soketi za pande zote mbili mara nyingi hufanana. Zikichomekwa kwa kubadilishana, kompyuta huongeza mafuta upande wa kushoto kwa taarifa ya upande wa kulia, na kwa kuwa sensa inayosubiri jibu iko kwingine, huendelea hadi kikomo. Marekebisho ya mafuta husomeka yamepanda hadi mwisho upande mmoja na kushuka hadi mwisho upande wa pili. Hakuna ugonjwa mwingine wenye sura hiyo, na dawa yake ni kubadilishana plagi mbili za waya. Usipogundulika mapema, upande uliojazwa mafuta huichoma katalisti yake.

Ncha ya sensa iliyofunguliwa nayo husimulia. Masizi makavu meusi ni ya mchanganyiko mzito. Tabaka jeupe la chokaa mara nyingi hutokana na silikoni, ama gundi ya gasketi isiyofaa kwa injini zenye sensa, ama maji ya rejeta yaliyoingia kwenye silinda kupitia gasketi ya kichwa iliyopasuka. Kijivu kinachong'aa huashiria madini ya risasi kutoka kwenye petroli au viongezeo vyake. Majivu ya kahawia hutoka kwenye oili. Kila sumu iliyofika kwenye sensa ya mbele imefika pia kwenye masega yaliyo nyuma yake, kwa hiyo ncha hiyo ni taarifa ya vipuri viwili kwa wakati mmoja.

Kilichoua ya kwanza kitaua ya pili

Katalisti iliyotunzwa haichakai haraka. Ikifa mapema, kuna kilichoiua, na kufunga mpya bila kukitafuta ni kuitoa kafara. Muuaji mkubwa ni injini inayomisi. Silinda moja isipowasha, petroli na hewa yake yote huingia bombani na kuungua ndani ya masega, ambako joto hupanda kutoka lile la kawaida la nyuzi 400 hadi 800 likavuka 1,000. Kwa joto hilo chembe za madini hukusanyika, na misi ikiendelea kauri yenyewe huyeyuka na kuziba njia. Koili, waya za plagi na injekta za gari la zamani zichunguzwe kabla katalisti mpya haijatolewa kwenye kasha.

Mazda RX-7 ni mfano mzuri wa jinsi mnyororo huu unavyoweza kuwa mrefu. Injini yake ya rota huingiza oili kidogo kwenye chumba cha kuunguzia kwa makusudi, ili kulainisha sili za rota, na hutoa moshi wa moto sana wenye hidrokaboni nyingi. Kwa hiyo gari hilo lina pampu ya hewa inayosukuma hewa ya ziada ndani ya katalisti kuu ili kumalizia uunguzaji. Katalisti mbadala isiyo na mahali pa kuunganisha bomba hilo la hewa haiwezi kuifanya kazi ile, hata ikiwa na madini ya kutosha. Katika magari yenye pampu za namna hii kuna valvu inayoamua hewa iende wapi: injini ikiwa baridi huelekezwa karibu na silinda, na ikishapata joto hupelekwa nyuma zaidi au hutupwa nje. Valvu ikikwama upande wa silinda, hewa hupita juu ya sensa ya mbele wakati wote, sensa hutangaza wepesi usiokuwapo, kompyuta hujaza mafuta, na mafuta hayo pamoja na hewa ya pampu hukutana ndani ya katalisti na kuiteketeza. Sensa ni nzima, katalisti ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni valvu.

Wapo wanaoamua kuisogeza sensa ya nyuma kutoka kwenye mkondo wa moshi kwa kipande cha chuma kilichotobolewa, ili mawimbi yasiifikie. Taa huzima. Nalichukulia hilo kuwa jambo baya, si kwa sababu ya sheria peke yake, ingawa Marekani na kwingineko ni kuvunja sheria, bali kwa sababu hewa ya wengine inachafuliwa huku gari likitangaza kwamba limepona, na mwenye gari amejinyima onyo la pekee ambalo lingemwambia kuwa injini yake inamisi au inamwagiwa mafuta kupita kiasi.

Kufunga na kuthibitisha

Sensa mpya inayofungwa iwe ya aina ileile. Baadhi ya magari ya zamani hutumia sensa za titania, ambazo hazizalishi umeme bali hubadilisha ukinzani, na hizo haziwezi kuchukuliwa nafasi na za zirkonia. Mwenye gari aliyebadilisha manifoldi ya kiwandani kwa ile ya mabomba marefu azingatie kwamba sensa ya waya mmoja, isiyo na hita, iliyosogezwa mbali na silinda inaweza kupoa injini ikiwa sailensi na kuacha kufanya kazi. Hapo sensa yenye hita, ya waya tatu au nne, inakuwa ya lazima.

Wanaonunua sensa za matumizi ya jumla, ambazo huunganishwa kwa waya za zamani, wawe waangalifu na jambo lisilojulikana sana. Katika sensa nyingi hewa safi ya kulinganishia hufika kwenye kauri kwa kupita katikati ya nyuzi za waya, ndani ya mpira wake. Kiungo kikichomwa kwa risasi ya kuunganishia, nyuzi huzibwa, hewa hukosa njia, na sensa mpya huanza kutoa umeme pungufu. Ndiyo sababu viungo hivyo hubanwa kwa vifungio vya chuma, na ndiyo sababu kupaka grisi ndani ya soketi ya sensa si jambo la kufanya. Dawa ya kuzuia hesi kukwama ipakwe kwenye hesi pekee, isifike kwenye ncha.

Baada ya kazi, kufuta msimbo hakuthibitishi chochote, kwa kuwa kufuta hurudisha nyuma ukaguzi wa ndani wa kompyuta. Gari la OBD-II linapaswa kuendeshwa hadi ukaguzi wa katalisti usomeke umekamilika kwenye mashine, nao aghalabu huwa miongoni mwa wa mwisho kukamilika kwa sababu huhitaji mwendo wa barabara kuu usiobadilika kwa dakika kadhaa, injini ikiwa na joto kamili. Kwa gari la kabla ya 1996, lisilo na sensa ya nyuma, uthibitisho hupatikana kwenye mashine ya kupima gesi bombani. Ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza hutoa viwango vinavyofaa kulinganishia: kwa magari ya miaka ya 1990 yenye katalisti, pale mtengenezaji asipoweka vyake, injini ikizungushwa kwa kasi ya juu bila mzigo kaboni monoksidi isizidi asilimia 0.3, hidrokaboni zisizidi sehemu 200 kwa milioni, na lamda ikae kati ya 0.97 na 1.03. Lamda ikitoka nje ya mipaka hiyo, tatizo bado liko kwa sensa, uvujaji au mafuta, na katalisti haipaswi kuguswa. Lamda ikiwa 1.00 na kaboni monoksidi bado iko juu, basi katalisti ndiyo iliyoshindwa.